Bima imekataa dawa ya maumivu ya mzazi: jinsi ya kuipata kupitia Medicare bila kuishia kwenye opioidi

Maswali ni yale yale kila wiki. "Mama ameandikiwa plasta za maumivu, famasia wanasema bima imekataa, tufanyeje?" "Kwa nini tramado ni dola chache na hii nyingine wanataka mamia?" "Wakishasema hapana, ndiyo basi?" Naandika majibu yote mahali pamoja ili kila familia isianze upya.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Marekani, unayemtunza mzazi, bibi, babu au shangazi mwenye Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) na maumivu yasiyokwisha: goti lililosagika, mgongo, miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari, maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi. Lengo ni apate dawa isiyo opioidi, yaani isiyo ya jamii ya afyuni kama oksikodoni, haidrokodoni na tramado, na bima iilipie. Mwongozo wa mwaka 2022 wa CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, unasema dawa na tiba zisizo opioidi ndizo za kutangulizwa kwa maumivu ya muda mrefu. Kwa mzee sababu zinaonekana hata bila kusoma vitabu: opioidi humlewesha, humfungisha choo, humwangusha usiku akienda msalani, na zikichanganywa na dawa za usingizi zinaweza kumzima pumzi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Neno "imekataliwa" pale dirishani kwa mfamasia si uamuzi wa mwisho. Kisheria, mara nyingi huo hata si uamuzi rasmi wa bima. Ni kompyuta tu imegoma, na bado una nafasi ya kuomba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya Medicare yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu, pamoja na kadi ya mpango wa dawa. Huo huwa ni mpango wa Part D (sehemu ya Medicare inayolipia dawa) unaojitegemea, au Medicare Advantage (Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi) yenye dawa ndani yake. Jua ni upi, kwa sababu simu zote utazipiga kwa kampuni iliyo kwenye kadi hiyo.
- Orodha ya dawa zote anazotumia, dozi zake, na zile za kununua bila cheti. Weka na mitishamba iliyoletwa kutoka nyumbani. Usione haya, daktari anahitaji kujua.
- Orodha ya dawa za maumivu alizokwisha kujaribu: jina, lini, kwa muda gani, na ikawaje. Hazikusaidia? Zilimpa kizunguzungu? Zilimtibua tumbo? Karatasi hii ndiyo silaha yako kubwa, na ndiyo familia nyingi hazina.
- Muhtasari wa ziara ya mwisho kwa daktari, wenye majina ya magonjwa na misimbo yake.
- Majibu ya kipimo cha figo cha karibuni.
- Fomu CMS-1696 iliyosainiwa na mzee, inayokuruhusu kusema kwa niaba yake. Hudumu mwaka mmoja. Pasipo fomu, bima inaweza kukataa kuzungumza nawe hata kama ndiwe unayelipa.

Kuhusu lugha: bima, hospitali na Medicare wenyewe wanatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bure. Namba ya Medicare ni 1-800-633-4227. Ukipokelewa, sema "Swahili" na usubiri. Tafadhali usimfanye mtoto wa miaka kumi na miwili kuwa mkalimani wa bibi yake. Atakosea majina ya dawa, na bibi hatasema mbele ya mjukuu mambo ya choo au ya mkojo ambayo daktari lazima ayasikie.

Kwa ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, na hapa nawafikiria hasa familia za Kongo: sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imepunguza makundi ya wahamiaji wanaoruhusiwa kuwa na Medicare. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajapata kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoita grinikadi, anaweza kuipoteza ifikapo tarehe 4 Januari 2027, hata kama anayo leo. Kama mzee wako bado hajaomba grinikadi, muone mwanasheria wa uhamiaji mwezi huu.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la ugonjwa

Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo soma polepole.

Part D, kwa sheria, hulipia dawa kwa matumizi yaliyoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, au yanayoungwa mkono na vitabu vya rejea ambavyo Medicare inavitambua. Nje ya hapo, hata daktari aandike barua nzuri namna gani, bima hairuhusiwi kulipa. Ndiyo maana dawa ileile hukubaliwa kwa jina moja la ugonjwa na kukataliwa kwa jingine. "Maumivu ya muda mrefu" peke yake ni jina dhaifu mno.

Tazama dawa zinazoulizwa zaidi:

Plasta za lidokaini za 5% ziliidhinishwa kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Ukiziombea mgongo au goti, tarajia kukataliwa. Zile za 4% huuzwa bila cheti na Part D haizilipii.

Duloksetini iliidhinishwa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu yaletwayo na kisukari, kwa fibromayaljia (ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima), na tangu mwaka 2010 kwa maumivu ya muda mrefu ya misuli na mifupa, yaani mgongo na goti. Ni jenereki, yaani isiyo ya chapa, na kwa kawaida bima huiweka ngazi za chini za bei. Watu huikwepa wakisikia ni dawa ya sonona. Waeleze wazee kwamba hapa inatibu maumivu, na kwamba hakuna aliyesema wana wazimu. Kwa maoni yangu, kwa mgongo na goti hii ndiyo ya kumuuliza daktari kwanza, mradi ini, shinikizo la damu na dawa nyingine anazotumia haviizuii.

Gabapentini iliidhinishwa kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi. Pregabalini iliidhinishwa kwa hayo pia, kwa mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari, kwa fibromayaljia na kwa uti wa mgongo uliojeruhiwa. Zote mbili dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu, na zote huleta kizunguzungu. Mwaka 2019 FDA ilionya kwamba zinaweza kudhoofisha upumuaji, hasa kwa wazee na kwa wanaotumia opioidi pamoja nazo.

Selekoksibu ni ya yabisi ya viungo. Kwa mzee mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa moyo, daktari anaweza kuikataa, na atakuwa na haki.

Jeli ya diklofenaki ya 1% inauzwa bila cheti tangu 2020, kwa hiyo usipoteze muda kuikatia rufaa. Angalia kama Medicare Advantage yake inatoa fedha za kununulia vitu vya famasia, au kama ana Medicaid ya jimbo (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inayoilipia.

Plasta ya kapsaisini ya 8%, iliyotengenezwa kwa ule ukali wa pilipili, hubandikwa kliniki na wahudumu, kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi au ya nyayo za mwenye kisukari. Kwa kuwa inawekwa na daktari, huombwa kupitia Part B, sehemu ya Medicare inayolipia huduma za daktari. Wengi hupiga simu Part D wakaambiwa haipo, wakakata tamaa.

Onyo: usimwombe daktari aandike ugonjwa ambao mzee hana. Ni udanganyifu, na utakaa kwenye faili lake. Unachoweza kufanya ni kuleta ukweli ambao faili halina. Bibi aliugua mkanda wa jeshi Tabora au Bukavu miaka mingi iliyopita, na ubavu umemuuma upande huohuo tangu siku hiyo? Hakuna daktari wa Ohio anayejua hilo mpaka umwambie. Kisukari chake kiligunduliwa Mombasa kabla hajasafiri? Sema.

Hatua ya 2: Soma orodha ya dawa ya bima yake

Kila mpango una orodha yake, na hubadilika kila Januari. Ingia Medicare.gov au tovuti ya bima, andika jina la dawa na dozi, kisha angalia mambo mawili: ngazi yake, na herufi zilizo pembeni.

PA maana yake bima inataka kibali cha awali. ST maana yake inataka mgonjwa aanze na dawa nyingine kwanza, ashindwe nayo, ndipo ije hii. QL ni kikomo cha idadi kwa mwezi. Kama dawa haimo kabisa, utahitaji ombi maalumu, na nitalieleza katika hatua ya 5.

Ukikuta ST, uliza ni dawa gani wanataka itangulie. Ikiwa mzee ameshaitumia, hata kwa bima nyingine ya zamani, hiyo huhesabika mradi daktari aiandike. Uko mswada uliofikishwa Kongresi, unaoitwa Alternatives to PAIN, unaotaka bima za Part D zizuiwe kumlazimisha mtu aanze na opioidi kabla ya dawa isiyo opioidi. Bado si sheria, kwa hiyo usiutumie kama hoja kwenye ombi, lakini mbunge wa eneo lako anaweza kupigiwa simu na mpiga kura anayezungumza Kiswahili kama anavyopigiwa na mwingine yeyote.

Hatua ya 3: Zungumza na daktari kabla hajaandika cheti

Nenda na ile orodha ya dawa zilizoshindwa na orodha ya bima. Uliza hivi: "Kati ya hizi ambazo bima inalipia, ipi inafaa figo zake na dawa zake nyingine?" Mara nyingi shida yote huishia hapo, bila barua wala rufaa.

Jihadhari na dawa za zamani za bei rahisi. Amitriptilini na baadhi ya dawa za kulegeza misuli zimo katika orodha ya Beers ya dawa ambazo wazee waepushwe nazo, kwa sababu huvuruga kumbukumbu na kuwaangusha. Zisiingie kwa sababu tu zimekubaliwa haraka.

Hatua ya 4: Pale famasia wanaposema hapana

Usigombane na mfamasia. Muulize kwa utulivu: "Imekataliwa kwa sababu gani hasa?" Jibu litakuwa moja ya haya: haimo kwenye orodha, inahitaji kibali, imezidi kikomo, au ugonjwa haulingani. Andika. Kisha omba karatasi iitwayo Medicare Drug Coverage and Your Rights, ambayo famasia inatakiwa kukupa. Ina maelezo ya jinsi ya kuomba.

Kama mzee ameingia mpango mpya, au mpango wake umebadilisha orodha Januari, na dawa hiyo alikuwa akiitumia tayari, omba "transition fill". Ndani ya siku 90 za kwanza bima humpa akiba ya mwezi mmoja wakati mnashughulikia ruhusa. Watu wengi hawaijui haki hii, na famasia yenye foleni ndefu haitakumbuka kukuambia.

Usikimbilie kulipa bei kamili. Kadi za punguzo za famasia wakati mwingine husaidia kweli, lakini fedha hizo kwa kawaida hazihesabiki kwenye kikomo cha mwaka cha Part D, nitakachokieleza katika hatua ya 7. Ukilazimika kulipa, tunza risiti. Ruhusa ikitoka unaweza kudai kurudishiwa.

Hatua ya 5: Omba uamuzi rasmi, pamoja na barua ya daktari

Piga simu bima useme unataka "coverage determination". Kama dawa haimo kwenye orodha, au unataka waondoe ST au QL, sema "exception". Daktari naye anaweza kuomba moja kwa moja, na kwa kawaida akiomba yeye mambo huenda haraka zaidi.

Bima ina saa 72 kujibu, au saa 24 kama daktari ataeleza kwamba kusubiri kunaweza kumdhuru mgonjwa vibaya. Kwa ombi la "exception", saa hizo huanza pale bima inapopokea maelezo ya daktari. Simu yako haianzishi saa. Siku nyingi hupotea hapa: familia inasubiri bima, bima inasubiri daktari, na daktari hajui kuwa anasubiriwa. Piga ofisini kwake siku ya pili uulize kama faksi imekwenda, na namba ya uthibitisho ni ipi.

Barua nzuri ni fupi, na ina ugonjwa kwa jina na msimbo, dawa zilizojaribiwa na matokeo yake, sababu za kiafya zinazozuia mbadala ambao bima inautaka, na hatari ya opioidi kwa mgonjwa huyu. Mpelekee daktari rasimu ya namna hii:

"Mgonjwa ana umri wa miaka 74, ana maumivu ya mishipa ya fahamu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi, ubavu wa kushoto. Alitumia gabapentini kwa miezi mitatu. Alipata kizunguzungu na kuanguka. Figo zake haziruhusu selekoksibu. Anatumia dawa ya usingizi, hivyo opioidi zingehatarisha upumuaji wake. Naomba plasta za lidokaini za 5%."

Ona kwamba haina malalamiko. Haisemi mama analia usiku, ingawa analia. Anayeisoma anatafuta vigezo vyake, basi mpe vigezo.

Hatua ya 6: Wakikataa tena, kata rufaa

Barua ya kukataa hutaja sababu. Isome yote, kwa sababu rufaa hujibu sababu hiyo na si nyingine. Una siku 65 tangu tarehe ya barua kuomba bima iangalie upya. Watajibu ndani ya siku 7, au saa 72 kwa haraka.

Bado hapana? Ngazi ya pili inakwenda kwa mkaguzi huru asiye mfanyakazi wa bima. Usiishie kwa bima tu, maana hapa ndipo jicho jipya linapoingia. Ngazi ziko tano mpaka mahakama ya shirikisho, ingawa kwa dawa ya maumivu ni wachache wanaohitaji kupita ya pili. Na kama bima imechelewa kujibu kupita muda wake, inatakiwa yenyewe kulipeleka suala kwa mkaguzi huyo.

Msaada wa bure upo kila jimbo, kwa washauri wa SHIP: 1-877-839-2675. Hawauzi bima. Anayekupigia simu bila kuombwa akidai anatoka Medicare, kata simu.

Hatua ya 7: Punguza bei

Kwa mwaka 2026, mtu wa Part D akishatumia dola 2,100 za mfukoni kwa dawa zinazolipiwa na mpango wake, hadaiwi tena mpaka mwaka uishe. Anaweza pia kuomba bima igawe malipo hayo kwa miezi, badala ya kutoa mamia Januari.

Kwa mwenye kipato kidogo, ombeni Extra Help, msaada wa serikali wa kulipia dawa, kupitia ofisi ya Social Security, 1-800-772-1213. Kipato kisizidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini. Mwaka 2025 ilikuwa dola 23,475 kwa mtu mmoja. Akiba benki huangaliwa, ila nyumba anayoishi na gari havihesabiwi. Mwenye Medicaid au SSI (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) huingizwa bila kuomba. Akipata, mwaka 2026 analipa si zaidi ya dola 5.10 kwa jenereki na 12.65 kwa dawa ya chapa. Wazee wengi wetu wanastahili na hawajaomba, kwa kuwa fomu ilikuja kwa Kiingereza ikatupwa na matangazo.

Kama dawa imekubaliwa lakini iko ngazi ya juu, daktari anaweza kuomba ishushwe kwa bei ya ngazi ya chini. Haiwezekani kwa ngazi ya dawa za gharama maalumu, wala kwa dawa iliyoingizwa kutoka nje ya orodha.

Hatua ya 8: Oktoba, linganisha mipango

Kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, weka dawa zake zote kwenye Medicare.gov ulinganishe. Angalia gharama ya mwaka mzima, si ada ya mwezi peke yake. Mwenye Extra Help ana nafasi zaidi: anaweza kuhamia mpango wa Part D unaojitegemea mwezi wowote. Lakini kama yuko Medicare Advantage, muulize mshauri wa SHIP kwanza, kwa sababu kuhama kunaweza kumtoa kwenye bima yake ya hospitali na madaktari wake.

Ukikwama

*Barua inasema matumizi hayaruhusiwi kimatibabu.* Rudi hatua ya 1. Ama jina la ugonjwa halijaandikwa kikamilifu, ama dawa hiyo kweli haiwezi kulipiwa kwa ugonjwa huo. Kama ni la pili, badilisheni dawa na kuokoa muda.

*Daktari hajibu.* Omba nesi au mfanyakazi wa ofisi anayeshughulikia vibali. Mpelekee rasimu ya barua tayari. Kuhariri sentensi nne ni rahisi kwake kuliko kuanza ukurasa mtupu.

*Ilikubaliwa mwaka jana, Januari imekataliwa.* Ruhusa nyingi huisha na mwaka wa bima. Omba upya mwezi Desemba, na ukichelewa omba ile akiba ya mwezi.

*Tumesikia kuna dawa mpya isiyo opioidi, Journavx.* Ipo, FDA iliiidhinisha Januari 2025, lakini kwa maumivu ya ghafla, kama ya baada ya upasuaji. Kwa goti la miaka kumi Part D haitailipia kwa sasa.

*Mzee anakwenda kufanyiwa upasuaji.* Muulize daktari wa usingizi juu ya dawa zisizo opioidi kabla ya siku yenyewe. Tangu Januari 2025 hadi mwisho wa 2027, Medicare inazilipa hospitali na vituo vya upasuaji wa bila kulazwa malipo ya pekee kwa baadhi ya dawa na vifaa hivyo, kwa hiyo gharama si kisingizio kama zamani.

*Hakuna dawa inayomfaa.* Part B hulipia mazoezi ya tiba, na kwa maumivu ya muda mrefu ya kiuno hulipia tiba ya sindano za Kichina (akupancha): mara 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi akionyesha nafuu.

*Tayari anatumia opioidi, na dawa mpya imekubaliwa.* Usizitupe wala usimkatishe ghafla. Mwili uliozizoea hutetemeka, hutapika, na maumivu hurudi kwa nguvu. Daktari atazipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, huku dawa mpya ikiingia. Na kama pregabalini au gabapentini itakaa pamoja na opioidi kwa muda huo, mwombe aandike naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na opioidi, iwekwe mahali ambapo kila aliye nyumbani anapajua.